MAONI: Bleach ilianza na matanga kabla ya kuwa ya mapanga

Uliza kwenye kundi lolote la WhatsApp la wapenzi wa anime ni wapi uanzie Bleach, na jibu litakuja kabla hujaweka simu mezani: "Ruka hizo za kitambo. Ingia moja kwa moja Thousand-Year Blood War, hiyo ndiyo noma."

Sababu yao naielewa. Bleach ya kwanza ina episodi 366, zilizopeperushwa Japani kuanzia Oktoba 2004 hadi Machi 2012. Kila moja ni kama dakika 24. Piga hesabu: ni zaidi ya saa 140, na bando si bure. Thousand-Year Blood War nayo ilianza Oktoba 2022, picha zake ni safi, haizunguki, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa na episodi 40 pekee. Nani asingechagua hiyo?

Mimi naomba usichague hiyo, angalau si kwanza. Ukiingilia hapo utaona watu wazuri waliovaa nguo nyeusi wakitaja majina ya panga zao kwa sauti kubwa, majengo yakianguka, na utasema ndiyo, inapendeza. Lakini hutajua wanapigania nini. Bleach ni hadithi ya wafu na waliobaki nyuma yao, na jambo hilo limewekwa wazi kabisa katika episodi zile ambazo wasee wanakuambia uziruke.

Tuanze na yule anayeitwa Hollow, kwa sababu ndiye huwafanya wazazi wetu wapite sebuleni, wasimame, na kuuliza kama hizi ni katuni za mapepo. Hollow ana kinyago cheupe cha mfupa na tundu kifuani. Anakula roho za watu. Ukimtazama kwa sekunde 10 utasema ni shetani. Ila Tite Kubo, mwandishi wa manga yenyewe, alimwekea asili nyingine. Hollow ni marehemu. Ni mtu aliyekufa akashindwa kuondoka, kwa uchungu, kwa hasira au kwa kumngojea mtu, hadi moyo ukamtoka na tundu likabaki. Na wa kwanza kumfuata si adui yake. Huwafuata watu wake mwenyewe, wale aliowapenda.

Sasa angalia anavyoitumia kanuni hiyo mapema. Katika episodi ya pili na ya tatu tu, Hollow anamvamia msichana anayeitwa Orihime, mwanafunzi mwenzake Ichigo. Kumbe ni Sora, kaka yake mkubwa, aliyemlea peke yake baada ya kutoroka naye kutoka kwa wazazi wakatili. Sora alikufa kwa ajali ya barabarani, siku ambayo dada mtu alikuwa amenuna na hakumuaga. Walikuwa wamegombana juu ya vibanio vya nywele alivyomletea. Tangu siku hiyo Orihime huvivaa kila asubuhi. Na unajua kilichomgeuza Sora kuwa Hollow? Aliona maombi ya dadake yanapungua. Orihime alikuwa amepata marafiki, amerudia kucheka, na marehemu akajiona amesahaulika. Orihime naye alikuwa amepunguza makusudi, ili kakake aone kwamba ameanza kujiweza na asiendelee kuhangaika.

Kila mmoja alifanya lile aliloona ni jema kwa mwenzake, na likawa balaa. Hakuna mbabe wa kupigwa hapo. Upanga wa Shinigami wenyewe, ukimpata Hollow, haumuui. Unamsafisha makosa aliyoyafanya akiwa na kinyago, kisha roho inakwenda zake. (Aliyekuwa muuaji tangu uhai wake ndiye hufunguliwa milango ya Jehanamu, na mmoja anaburutwa huko katika kisa cha mtoto aliyefungiwa ndani ya kasuku. Hicho kisa usikitazame ukiwa unakula.)

Huyu Kurosaki Ichigo, mhusika mkuu, ni mvulana wa miaka 15 mwenye nywele za rangi ya chungwa na uso uliokunjamana muda wote. Anaona mizimu tangu utotoni. Katika episodi ya kwanza anawatandika vijana walioangusha chombo cha maua lililowekewa roho ya mtoto kando ya barabara. Ndivyo tunavyotambulishwa kwake: kijana anayepigana kwa sababu mtu ameangusha maua ya maiti. Baadaye anakutana na Rukia, Shinigami anayempa nguvu zake usiku familia ya Ichigo inapovamiwa, na kazi inaanza.

Halafu zinakuja episodi za 7 hadi 9, na hapa naomba uweke simu nyingine kando. Ni tarehe 17 Juni. Familia nzima inapanda mlimani kutembelea kaburi la mama, Masaki. Alikufa siku kama hiyo, Ichigo akiwa na miaka 9, mvua ikinyesha. Mtoto aliona msichana kando ya mto, akadhani anataka kujirusha majini, akakimbia kumwokoa. Alipozinduka, mama alikuwa amemlalia, amekufa. Msichana yule alikuwa chambo cha Hollow aitwaye Grand Fisher. Kwa miaka sita Ichigo ameamini kwamba yeye ndiye aliyemnyang'anya baba mke na dada zake wadogo mama.

Siku hiyo ya makaburini Grand Fisher anajitokeza. Unajua anime zinavyokwenda: kijana atamkata adui aliyemuua mamake, muziki upande, tufunge. Haiendi hivyo. Ichigo anapigana vibaya, anajeruhiwa, na Grand Fisher anatoroka. Kisasi hakipatikani. Baadaye Ichigo anamuuliza babake kwa nini hakuwahi kumlaumu, na yule mzee ambaye kwa kawaida ni mchekeshaji anasimama na sigara kaburini na kumwambia, kwa maneno mengine, kwamba hawezi kumlaumu Masaki kwa kufa akimlinda mwanawe.

Huku kwetu ukifiwa unaambiwa "jikaze", "kazi ya Mungu haina makosa", na kama wewe ni mvulana unapewa kazi ya kubeba viti. Wiki mbili baadaye unatarajiwa darasani. Sijui katuni nyingine iliyonionyesha kijana wa kiume amekaa na lawama ya kifo kwa miaka sita bila kuitamka, akiificha nyuma ya kununa na kupigana, kisha akapewa nafasi ya kuiuliza kwa mdomo. Ndiyo maana ninapoambiwa episodi 20 za kwanza "hazina stori" huwa naduwaa.

Kuanzia ya 20 hivi hadi ya 63 ndiyo Soul Society, safari ya kumwokoa Rukia aliyehukumiwa kifo na wakubwa wake kwa kumpa binadamu nguvu zake. Wengi huikumbuka kwa mapambano, na ni kweli, ni matamu. Mimi huikumbuka kwa sababu ya ramani yake. Huko waendako wafu katikati kuna mji wenye ukuta wa makabaila na majeshi, na nje yake kuna mitaa inayoitwa Rukongai, 80 kila upande, iliyopewa namba. Ya kwanza kwanza ina amani. Namba ikipanda, hali inaharibika. Rukia na rafiki yake Renji walikulia Inuzuri, namba 78, wakiiba maji ya kunywa, na wenzao waliokua nao wakafa mmoja mmoja. Fikiria hilo kidogo: unakufa, unafika ng'ambo, na bado kuna ukuta, kuna mtaa wa wenye nacho na mtaa wa mabanda, na hujui ndugu zako walipangiwa namba gani. Kama umewahi kusimama upande mmoja wa Mathare ukatazama Muthaiga, huhitaji maelezo zaidi.

Mpaka huo ndio unaoendesha kila kitu. Renji alimwachia Rukia aende kulelewa na ukoo wa Kuchiki kwa kuwa aliona ametoka kwenye shida, na akajuta miaka yote. Byakuya, kaka wa kambo asiyetabasamu, anaonekana kama barafu hadi unapojua kwamba marehemu mkewe, Hisana, alitoka Rukongai vilevile, na ndiye aliyemtelekeza Rukia akiwa mtoto mchanga kwa sababu hakuweza kujilisha yeye na mdogo wake. Kabla ya kufa alimwomba mumewe amtafute. Byakuya akamtafuta, akavunja mila za ukoo kumchukua, kisha akaapa mbele ya kaburi la wazazi wake kwamba hatavunja sheria tena. Sheria hiyohiyo sasa inamtaka Rukia auawe. Ahadi mbili kwa wafu, na haziwezi kutimizwa zote. Pambano lake na Ichigo juu ya kilima ni zuri kwa sababu hiyo. Bankai ni mapambo tu.

Sasa tuseme ukweli mwingine, kwa sababu sitaki uniite mshabiki kipofu. Baada ya ya 63 studio ya Pierrot ilikuwa na tatizo: anime ilitoka kila wiki, manga nayo ilitoka kila wiki, na anime ilikuwa inaelekea kumaliza stori iliyokuwa bado mkononi mwa Kubo. Wakatunga hadithi zao za kujazia, zile mashabiki wanaziita fila. Nyingine zimewekwa mahali pa ajabu. Orihime ametekwa, Ichigo na wenzake wako katikati ya jangwa la Hueco Mundo wanamwendea, tumeshika roho mkononi, halafu ghafla episodi ya 168 inatuletea kapteni mpya ambaye hatujawahi kumsikia, na tunakaa naye hadi ya 189. Manze! Hiyo ilikuwa dharau.

Kwa hivyo ruka 64 hadi 108, ruka 168 hadi 189, ruka 317 hadi 341. Kati ya 230 na 265 kuna ile ambayo panga zinageuka watu na kuwaasi wenye nazo. Nayo ni fila, lakini kama una wikendi ndefu si mbaya, kuna vichekesho vya kweli mle. Ukifanya hivyo umeokoa zaidi ya episodi 90 na hujapoteza chochote cha maana.

Kuna kasoro ambazo huwezi kuziruka. Orihime, msichana aliyeanza na kisa kizito kuliko wote, anaishia kuwa mtu wa kuokolewa na kuita jina la Ichigo. Wanawake wengine wamechorwa kana kwamba vifungo vya nguo viliadimika Japani. Chad, jitu lenye moyo wa dhahabu, anapigwa na kila anayepita njia. Na ile vita ya mji bandia wa Karakura dhidi ya Aizen ni foleni ya Thika Road saa kumi na moja jioni: wawili wanapigana, wanasimama, wanaelezana nguvu zao, wanaendelea, tunahamia wawili wengine. Aizen mwenyewe ni adui mtamu anapokuwa kimya na anachosha anapohubiri.

Lakini hata humo ndani, pale Kubo anapokumbuka wafu, kitu kinawaka. Wale Espada 10, majemadari wa Aizen, kila mmoja amepewa sura moja ya kifo: uzee, upweke, uchu, ghadhabu, kukata tamaa na kadhalika. Starrk, wa upweke, alikuwa na nguvu kiasi kwamba kila aliyemkaribia alikufa, hadi akaipasua roho yake vipande viwili ili apate mtu wa kuongea naye. Ulquiorra, wa utupu, anatumia muda wote kumuuliza Orihime huu "moyo" wanaousema binadamu uko wapi hasa, kifuani au kichwani, maana yeye pale ana tundu tu. Anapolipata jibu, mkono wake tayari unageuka majivu. Sijawahi kuona adui akifa hivyo na mshindi asishangilie.

Sehemu ya Fullbring, 343 hadi 366, inachukiwa sana. Mimi naitetea. Ichigo amepoteza nguvu zake, haoni tena mizimu, na amebaki kijana wa kawaida anayefanya vibarua vya baada ya shule. Wengi walilalamika kwamba hapigani. Ndiyo, hapigani, amefiwa na sehemu ya nafsi yake na hajui amwambie nani. Ginjo, mtu mzima anayejidai kumsaidia, anamlaghai na kumwibia kile kidogo alichorudisha. Mwishoni Ichigo anamshinda na kumuua. Na baada ya hapo anafanya nini? Anakwenda mpaka kwa wakubwa wa Soul Society kuomba mwili wa Ginjo, akauzike katika ulimwengu wa watu walio hai, alikotoka. Wanashangaa, maana huyo alikuwa adui yao. Anaupata.

Ndivyo Bleach ya kwanza ilivyofungwa mwaka 2012, kwa kijana anayedai mwili wa mtu ili akamzike kwao. Katika nchi ambako kesi ya kumzika wakili S.M. Otieno ilisimamisha watu mwaka 1987 (waulize wazazi, watakusimulia hadi chai ipoe), nadhani sisi tunaielewa episodi hiyo kuliko mashabiki wengi wa kwingineko.

Kisha kimya cha miaka 10. Manga iliendelea hadi Agosti 2016 na kuishia kwenye kitabu cha 74, kwa mwendo wa kukimbia ulioacha wengi na njaa. Thousand-Year Blood War ndiyo inayohuisha sura hizo za mwisho, Kubo akiwa karibu kuongezea alichokiacha, chini ya mwelekezi Tomohisa Taguchi. Ni nzuri? Ni nzuri mno. Mzee Yamamoto anapompoteza Sasakibe, msaidizi aliyemtumikia kwa karne nyingi, na kuingia vitani akiwa moto mtupu, anawaamsha kutoka majivuni mifupa ya maadui aliowateketeza zamani na kuwatuma wampige mwenzao. Rangi, sauti, muziki wa Shiro Sagisu, vyote viko fiti. Anayeanzia hapo ataona mzee hatari. Wewe uliyetoka mbali utaona mtu aliyegeuza wafu kuwa silaha, katika hadithi iliyoanza kwa kugombania chombo cha maua.

Na kuna jambo moja ambalo nataka tubishane. Katika sehemu ya kwanza ya Blood War tunarudishwa tena tarehe 17 Juni. Tunaelezwa kwamba Masaki hakuwa mwanamke wa kawaida. Alikuwa Quincy, mwenye uwezo wa kumshinda Grand Fisher bila jasho, ila siku hiyohiyo mfalme Yhwach alizinyakua nguvu zake kutoka mbali. Ndiyo maana alikufa. Mashabiki wengi walilia na kupongeza: hatimaye Ichigo ameambiwa halikuwa kosa lake!

Mimi sikupongeza. Simulizi ya ujana wa Masaki na Isshin ni tamu, na baba kuzitoa nguvu zake zote ili msichana asife ni mojawapo ya mambo bora ndani ya Bleach yote. Lakini kifo kile kilikuwa na uzito kwa sababu kilikuwa cha bure. Mvua, mto, mtoto aliyekimbia. Kilifanana na vifo tunavyovijua: matatu iliyokosa breki, mtu aliyechelewa kufikishwa hospitalini kwa dakika chache. Ukiniambia nyuma yake kulikuwa na mfalme na mpango wa miaka elfu, umenipa mtu wa kumchukia, na kuchukia ni rahisi. Isshin alikwisha kumpa mwanawe jibu kaburini, bila mfalme yeyote. Lilitosha.

Wewe huwezi kuniambia kama nimekosea hadi uwe umeziona zote mbili, na ndiyo sababu nyingine ya kutoanzia mwisho. Fanya hivi: shusha episodi tisa za kwanza usiku ambapo bando ni nafuu, uzitazame kwa sauti za Kijapani na maandishi chini. Ukifika ya tisa, Ichigo na babake wakiwa pale kaburini, na bado hujaguswa, basi achana nayo, rudi kwa Jujutsu Kaisen yako. Hatutagombana.